Kiti cha Kaisari na Kiti cha Mulopwe

Kila aliyepita katika shule za misioni anajua habari za Romulus na Remus, ndugu wawili walionyonyeshwa na mbwa-mwitu, na jinsi mmoja alivyomwua mwenziwe walipokuwa wakijenga ukuta wa Roma. Sisi tulio waalimu hapa Kamina twawafundisha watoto habari hizo kwa furaha. Lakini ukiwauliza watoto hao hao Kalala Ilunga alikuwa nani, wengi hutazama chini. Ni aibu, nayo ni aibu yetu, si yao.

Basi tuwakumbushe. Wazee wa Baluba husimulia kwamba hapo kale alitawala Nkongolo, mtu mwekundu na mkali. Akaja kutoka mashariki mwindaji mmoja mwenye adabu ya kifalme, Mbidi Kiluwe, akamzaa Ilunga kwa dada yake Nkongolo. Kijana alipopata sifa vitani, mjomba alishikwa na wivu. Akachimba shimo, akatandika mkeka juu yake, akamwita mpwawe aje acheze ngoma. Lakini mpiga ngoma alimwonya kwa mlio wa ngoma yenyewe. Ilunga akaponyoka, akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa. Roma ilianza kwa damu ya ndugu. Ufalme wa Baluba ulianza kwa damu ya mjomba.

Wala mfalme huyo, aitwaye mulopwe, hakutawala peke yake. Twite aliwasimamia askari wa mfalme. Inabanza alilinda vitu vitakatifu vya ufalme. Kalala alitangulia mbele ya jeshi. Tena kulikuwa na chama cha Bambudye, walinzi wa kumbukumbu, ambao waliweza hata kumzuia mfalme aliyevunja desturi. Hao walikuwa na ubao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga. Mwenye elimu aliupapasa kwa kidole, akasimulia wafalme, safari na mipaka. Warumi waliandika sheria zao juu ya vibao kumi na viwili, yapata mwaka 450 kabla ya Kristu. Baluba waliandika kwa shanga.

Nchi nayo iliwasaidia. Mashariki ya Kamina mto Lualaba wapita katika bonde la maziwa, Upemba na Kisale, yenye samaki tele. Huko Sanga, kando ya Kisale, wataalamu walianza kuchimba makaburi mwaka 1957, wakakuta vyungu, vyombo vya chuma na vya shaba; baadhi ya makaburi hayo yamepita miaka elfu moja. Kulikuwa na chuma, kulikuwa na chumvi. Roma pia ilikuwa na barabara yake ya chumvi, Via Salaria, na hakuna jirani awezaye kumnunia kwa muda mrefu mtu mwenye chumvi.

Lakini ufalme huo ulikuwa na mlango mmoja usio na komeo. Mulopwe alioa wake wengi kutoka pande nyingi, na kila mwana alikuwa na wajomba zake nyuma yake, tayari kwa mikuki. Baba akifa, aliyewashinda ndugu zake ndiye aliyekalia kiti. Nyakati nyingine vita hivyo vilitoa wafalme hodari, kama Ilunga Sungu na Kumwimbe Ngombe, waliopanua nchi kuelekea ziwa Tanganika. Nyakati nyingine vilitoa makaburi tu. Wayunani waliyaona hayo Alexander alipokufa Babiloni mwaka 323 kabla ya Kristu, majemadari wake wakagawana nchi kama nyama ya mawindo. Roma nayo ilipata makaisari wanne katika mwaka mmoja, ndio mwaka 69. Nyumbani mwetu vilevile, baba akifa bila kusema nani ashike mji, twayajua yatokeayo hata kabla ya tanga kuisha.

Ilunga Kabale alikufa yapata mwaka 1870. Wanawe wakapigana, akashinda Kasongo Kalombo. Mwingereza Cameron alipofika Kilemba, mji wa mfalme huyo, mwaka 1874, alikuta wafanya biashara wamekwisha kutangulia: Juma Merikani kutoka pwani ya mashariki, na Alvez kutoka Angola. Walitaka pembe, na huyo Alvez alitaka hasa watumwa. Kusini, Msiri wa Bunkeya alikuwa akizinyakua nchi kwa bunduki. Kasongo Kalombo naye akafa, na wanawe wakarudia yale yale: Kasongo Niembo huku, Kabongo kule. Kasongo Niembo akawakaribisha askari walioasi Luluabourg mwaka 1895, wamsaidie juu ya ndugu yake. Kabongo akaelekea kwa Wabelgiji. Serikali ya wageni haikuhitaji kuuvunja mlango, iliukuta wazi. Ufalme ukakatwa sehemu mbili, na Kasongo Niembo akapigana mpaka mwaka 1917, aliposhindwa akahamishwa mbali na watu wake.

Hata leo msafiri atokaye Kamina kwenda Kabongo atoka nchi ya ndugu mmoja aingia nchi ya ndugu wa pili. Njiani lugha haibadiliki, wala majina ya mababu.