Miche ya Pilipili na Moto wa Desemba

Hufundishwa shuleni kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto ili ichipue. Kanuni hiyo ni sahihi lakini haitoshi, kama nilivyojionea katika mji wa Louisville, jimbo la Colorado, Marekani, ambako familia moja ilinipa chumba nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari.

Mama mwenye nyumba alikuwa akiotesha miche wakati wa baridi kali, kwani huko jalidi huweza kuanguka hadi Mei na msimu wa kilimo ni mfupi. Pilipili, ambayo hukua polepole, aliisia ndani, dirishani chini ya taa. Mche ukosao mwanga hurefuka ukawa mwembamba kama uzi. Lakini mbegu za maua ya milimani alizichanganya na mchanga wenye unyevu, akaziacha nje katika masanduku. Nilidhani anakosea. Kumbe mbegu hizo zimo usingizini: asidi ya absisiki huzuia kiini kukua, na majuma kadhaa ya baridi yenye unyevu huipunguza. Hivyo mbegu haidanganywi na jua la siku mbili tatu za Januari.

Mwaka 2021 mvua za mwanzoni ziliotesha nyasi ndefu, kisha ukame ukazikausha. Tarehe 30 Desemba pepo zilishuka kutoka Milima ya Rocky kwa kasi iliyopita kilometa 160 kwa saa. Hewa ishukayo hugandamizwa, ikapata joto la nyuzi 10 hivi kwa kila meta 1,000, na kukauka zaidi. (Mwalimu wa fizikia aweza kuanza na pampu ya baiskeli.) Moto uliozuka nyikani kabla ya adhuhuri ulifika mitaani upesi mno.

Wengi hudhani nyumba huunguzwa na ukuta wa miali. Mara nyingi sivyo. Cheche hutangulia, zikaingia katika matundu ya hewa ya dari, zikatua juu ya majani makavu katika mifereji ya paa, au zikashika ua wa mbao unaogusa ukuta. Nyumba ya kwanza ikiwaka, hugeuka kuni za kumchomea jirani.

Tuliondoka na hati zetu na paka. Nyumba zaidi ya 1,000 ziliteketea, na watu wawili walifariki. Ya wenyeji wangu ilisalia. Ua wake wa mbao ulikuwa umeng'olewa majuma machache kabla kwa kuwa ulioza, ingawa sithubutu kudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee.

Theluji ilianguka kesho yake, na gesi ya kupasha nyumba joto ilikuwa imefungwa. Tuliporudi, miche yote ya pilipili ilikuwa imelala chini, fuwele za barafu zimekwisha kupasua seli zake. Masanduku ya nje yalikuwa yamefunikwa na majivu, na juu ya majivu theluji. Mama yule alikataa yasiguswe. Mwezi Aprili tulihesabu miche 14 katika sanduku la kwanza.