Kipimo cha Damu si Hakimu

Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru na mvuvi wa Pemba, wakipatwa na saratani, mara nyingi taabu yao huwa moja: hufika kwa tabibu wamechelewa. Yule hupitia Arusha mjini hadi Hospitali ya KCMC, Moshi. Huyu huvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ni haki yao kuuliza: je, tone la damu haliwezi kuutambua ugonjwa huu mapema?

Jibu letu ni kwamba laweza kusaidia, lakini haliwezi kuhukumu. Mwaka 1975 wataalamu Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walivumbua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Katika maabara, kingamwili hizo hufanya kazi kama ndoana: hunasa protini zinazotolewa na uvimbe katika damu au majimaji mengine ya mwili. Ndivyo inavyopimwa PSA kwa saratani ya tezi dume, na AFP kwa saratani ya ini.

Hata hivyo, PSA hupanda pia tezi inapokua kwa uzee tu, na AFP hupanda kwa mama mjamzito. Tena wako wagonjwa wa saratani ambao majibu yao ya damu huonekana safi. Kwa kawaida hukumu hutokana na kipande kidogo cha uvimbe kilichotazamwa kwa darubini.

Hapa ndipo tunapopenda kuwakumbusha viongozi wetu. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, inayowasumbua wengi kaskazini mwa nchi, haina kipimo cha damu cha kutegemewa. Huhitaji kamera ya kuingizwa kooni. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mabadiliko yake ya awali hutambuliwa kwa siki kidogo na mwanga wa taa. Mashine mpya za maabara zinunuliwe, hatupingi. Ila zisimeze fedha za siki, za kamera na za kuwasomesha wataalamu wa darubini.

Nanyi wananchi, wa bara na wa visiwani, msingoje maumivu yazidi. Mficha maradhi kifo humuumbua.