Michirizi Ukutani

Zilikuwa picha za ntheo, ile sherehe ya mbuzi ambayo Mkamba atakuambia bila hiyo hakuna ndoa. Zilipigwa jioni, sebuleni, viungani mwa mji wa Machakos. Wazee wameketi kwenye makochi, wasichana wamejitanda leso. Ila ukutani nyuma yao palikuwa na michirizi ya giza, mmoja juu ya mwingine, kama kivuli cha ngazi. Picha ilikuwa kali ajabu, hata kope zinahesabika. Hiyo michirizi ilitoka wapi?

Kijana mmoja anayepiga picha za harusi mjini humo alicheka kabla sijamaliza kuuliza. Aliyezipiga, akasema, aliogopa picha zisije zikayumba, akaweka kasi ya pazia ya 1/250 ya sekunde chini ya balbu ya LED ya bei rahisi.

Stima ya Kenya hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko nguvu hupanda na kushuka mara mbili. Balbu ya waya ya zamani haikujali, kwani waya ukishapata moto hauwahi kupoa. LED isiyo na saketi nzuri huifuata stima hatua kwa hatua, ikawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui. Kamera inatambua, hasa ikitumia pazia la kielektroniki, kwa kuwa haisomi picha yote kwa pamoja. Huisoma mstari baada ya mstari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mistari inayosomwa wakati balbu imefifia hutoka na giza.

Dawa ni 1/100 au 1/50, ili kila sehemu ya picha ipate mwako mmoja kamili, au miwili. Kijana niliyemuuliza hakufundishwa hayo na mtu. Masomo aliyoyafuata mtandaoni yalitoka Marekani, ambako stima ni mizunguko 60, na walimu wake walisisitiza 1/60. Alitii. Michirizi ikabaki, hafifu lakini ipo, hata akaipeleka kamera kwa fundi ambaye hakuona ubovu wowote. Ilimchukua muda kushuku balbu.

Sasa 1/100 ina gharama yake. Inamtosha mzee anayesikiliza, haimtoshi anayepokea soda. Kwa hiyo kijana huyu amejifunza kuvizia: mzungumzaji anapomeza mate, mkono unapofika mwisho wa salamu kabla haujarudi. Yeye mwenyewe hubana viwiko mbavuni, hutoa pumzi nusu, kisha hupiga tatu mfululizo. Ya kwanza huharibiwa na kidole kinachobonyeza, anasema. Ya pili ndiyo ya kutegemewa.

Lenzi yake ni ya milimita 50, inayofunguka hadi f/1.8, ya bei nafuu na nyepesi. Ikifunguliwa yote kwa mtu aliye mita mbili mbele, sehemu iliyo kali haifiki shibiri moja. Jicho liko sawa, mzee wa nyuma kapotea. Wakiwa wengi huibana hadi f/2.8 na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200 au zaidi. Chenga zitatokea. Chenga, kwake, zinasameheka. Uso uliotikisika hauna msamaha.

Flashi anayo mkobani. Huielekeza darini, dari ikiwa nyeupe na ya chini. Kwenye mabati matupu au ukuta wa kijani haifai. Ikimulika usoni moja kwa moja, paji lililopakwa mafuta humetameta na wazee hukunja nyuso. Afadhali amwombe mwaitu, yaani mama, kwa adabu, asogeze kiti karibu na dirisha kungali na mwanga. Wengi hukubali, ingawa itifaki ya nani aketi wapi haisogezwi na mpiga picha.

Anachokilalamikia ni kingine. Simu za siku hizi huunganisha picha kadhaa za gizani kuwa moja na kulainisha ngozi, na wateja huweka picha za kijana huyu na za simu ya binamu kando kwa kando, wakachagua za binamu. Mikunjo ya nyanya haimo. Je, wameona au hawajaona? Na mbona bajeti ya ntheo ina hema, mbuzi na spika, lakini hakuna anayenunua balbu mbili nzuri? Nilipomuuliza kama huwa anaziweka kwenye bei yake, alisema alijaribu, mteja akazifuta.