Tanzania mbili za Mkwaju

Waingereza wana mfululizo wa michezo ya sauti unaoitwa Doctor Who Unbound. Tangu nilipoanza kuusikiliza huku Leicester, kila mara fikra zangu hunipeleka Dodoma. Naomba nieleze kwa nini, maana ndugu zangu wengi wa Lindi hata Doctor Who yenyewe hawaijui.

Doctor Who ni tamthilia ya kubuni ya kisayansi iliyoanza BBC Novemba 1963. Mhusika mkuu, Daktari, ametoroka kwao katika sayari ya Gallifrey, naye huzunguka nyakati na sayari kwa chombo kilichovaa sura ya kibanda cha polisi. Televisheni iliisimamisha mwaka 1989 na kuirudisha 2005. Katika miaka hiyo ya ukame, kampuni ya Big Finish iliichukua na kuifanya michezo ya kusikiliza kuanzia 1999, kwa sauti za waigizaji wale wale wa zamani. Mwaka 2003, tamthilia ilipotimiza miaka 40, ukaja mfululizo wa Unbound, na kila mchezo ulianza na swali moja: ingekuwaje?

Ingekuwaje kama Daktari asingeondoka kwao? Hapo ndipo panapoanzia Auld Mortality, Geoffrey Bayldon akiwa mzee aliyebaki Gallifrey, akiwazia safari ambazo hakuzifunga. Ingekuwaje kama angechelewa kufika duniani? Katika Sympathy for the Devil, Daktari wa David Warner anashukia Hong Kong mwaka 1997 na kumkuta Brigedia, rafiki ambaye angefanya naye kazi miaka mingi, amestaafu na anaendesha baa. Unaonigusa kuliko yote ni Deadline, ulioandikwa na Robert Shearman. Humo Derek Jacobi ni mwandishi mzee katika dunia ambayo Doctor Who haikutengenezwa kabisa. Hakuna cha kumwokoa, na hakuna hata mchezo wa kumliwaza.

Ulimwengu wa namna hii ukiupeleka kwenye televisheni unahitaji majengo, mavazi na fedha. Kwenye sauti unahitaji mlango unaofungwa, nyayo na msikilizaji aliye tayari. Sisi watu wa Kusini hilo tulilijua mapema. Kwetu Mingoyo umeme ulikuwa wa wachache, lakini redio ilikuwepo, na betri zikichoka zilianikwa juani juu ya paa la bati ili jioni ziwahi kipindi.

Kipindi chenyewe kilikuwa Twende na Wakati. Kilianza Radio Tanzania Julai 1993, nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa msaada wa shirika la Population Communications International. Kilifuata mbinu ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico: weka watu wema, weka watu wabaya, kisha katikati yao weka wale wanaoyumba, ambao msikilizaji atajiona ndani yao. Fundi Mitindo, fundi cherehani, alikuwa mfano mwema. Mkwaju alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu mwenye mwanamke kila kituo. Mkewe, Tunu, alivumilia mpaka alipoamua kusimama kwa miguu yake. Mkwaju akafa kwa UKIMWI.

Mingoyo tulimjua Mkwaju kabla hajaingia redioni. Pale Mnazi Mmoja barabara inagawanyika: hii inakwenda Mtwara, ile inapanda Masasi, na ya tatu inarudi Lindi mjini na Dar es Salaam. Malori yalilala pale. Wakati wa masika, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, gari lingeweza kukwama siku kadhaa, dereva na utingo wake wakawa wenyeji wa mji. Wazazi wetu walisikiliza wakinyamaza, halafu jina likaanza kutumika mitaani: usiniletee mambo ya Mkwaju. Kuna mambo ya chumbani ambayo baba na mama wasingeyasema mbele yetu hata kidogo, lakini Tunu aliyasema sebuleni mwetu na hakuna aliyezima redio.

Dodoma hawakumsikia. Kuanzia 1993 hadi 1995, kipindi kilipokuwa hewani nchi nzima, mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine saa ile ile. Haikuwa hitilafu ya mitambo. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, Peter Vaughan na Ramadhani Swalehe, walitaka mkoa wa kulinganisha nao, ili wajue kama mchezo wa redio unabadilisha watu kweli au mabadiliko yangekuja yenyewe. Basi kwa miaka miwili zikawepo Tanzania mbili, moja yenye Mkwaju na moja isiyo naye. Penye kipindi, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka. Dodoma yalikaa karibu pale pale. Kipindi kilipofunguliwa Dodoma mwaka 1995, nako yakapanda.

Nauheshimu utafiti ule. Bila Dodoma, mtu yeyote angeweza kudai kwamba kazi yote ilifanywa na zahanati na mabango, na pengine fedha za michezo ya redio zingekatwa. Hata hivyo naona miaka miwili ilikuwa mirefu mno, katika nchi iliyokuwa inazika vijana kila wiki. Big Finish wakiuliza ingekuwaje, aliyeumia ni mhusika wa kubuni, na mchezo ukiisha waigizaji wanakwenda kunywa chai. Dodoma swali hilo liliulizwa kwa watu wenye wake, waume na watoto, na sidhani wengi wao waliambiwa kwamba wao ndio jibu.

Matokeo yalichapishwa 1999 na 2000, na wanafunzi wa mawasiliano ya afya huku Ulaya na Marekani wanayasoma hadi leo. Dodoma humo ni safu ya takwimu. Natamani mtu aiandike kama mchezo wa redio wa sehemu sita, kwa Kiswahili: dereva wa lori wa mwaka 1994, mke wake, na jioni ambazo kipindi hakikuja. Aandike mtu wa Dodoma aliyekuwa mkubwa miaka ile. Mimi wa Mingoyo siwezi, nilikuwa upande uliosikia.