Kabla ya Kuteleza, Jifunze Kusimama

Ndugu wasikilizaji, jambo ninalotaka kulizungumzia leo huenda likawashangaza wengi wenu. Nataka kuzungumzia theluji. Najua wako watakaouliza: theluji inatuhusu nini sisi ambao huiona kwa mbali tu, pale mawingu yanapofunguka juu ya Kilimanjaro? Jibu ni kwamba watu wetu wanasafiri. Wako wanaosoma na kufanya kazi Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Wako wafanyabiashara wanaokwenda Dubai kununua bidhaa, na huko, tangu mwaka 2005, ndani ya jengo la maduka upo mlima wa theluji ya kutengenezwa, wenye mteremko wa mita 400 hivi, huku nje jua likiunguza. Siku moja mwenyeji wako atakwambia: twende tukacheze ski. Hapo ndipo wengi wetu tunapoponzwa na kitu kimoja, nacho ni aibu.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe iliniponza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika kijiji kimoja cha milimani, jimbo la Tyrol, nchini Austria. Wenyeji wangu walinishauri nijiunge na darasa la wanaoanza. Nilipokwenda kuchungulia nikakuta wanafunzi wote ni watoto wa miaka minne na mitano, kofia ngumu kichwani, wamejipanga nyuma ya mwalimu wao kama vifaranga. Nikajisemea: mtu mzima na mvi zangu, nikae na hawa? Nikachukua ski zangu za kukodi, nikapanda lifti peke yangu.

Yaliyofuata hayakuchukua hata dakika moja. Nilianza kuteleza polepole, nikafurahi. Mara mwendo ukazidi. Nikaegemea nyuma kwa hofu, nao ukazidi tena. Ndipo nikatambua kwamba sijui namna ya kusimama. Na kule chini yangu, pembeni mwa njia, lile darasa la vifaranga lilikuwa limesimama likimsikiliza mwalimu, migongo yao imenielekea. Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Nani wa kunielewa? Nikajibwaga ubavu, nikaburuzika, nikakoma hatua chache tu kutoka kwa mtoto wa mwisho. Hakuumia mtu. Lakini usiku ule sikupata usingizi, maana nilijua kilichomwokoa mtoto yule ni bahati, wala si ujuzi wangu.

Kulipokucha nikaenda kuomba nafasi kwa vifaranga. Haya ndiyo niliyofunzwa.

Jambo la kwanza ni vifaa. Ski ni vipande viwili virefu na vyembamba, vilivyopindwa juu kidogo kwenye ncha, na pembeni vina kingo za chuma. Mchezaji huvaa buti ngumu ambazo hazikunjiki kifundoni, na kila buti hushikwa juu ya ski na kibanio chenye springi. Kibanio hicho kimetengenezwa ili kifunguke mguu unaposokotwa kwa nguvu, mfupa usije ukavunjika. Fundi wa duka la kukodisha hukikaza au kukilegeza kufuata uzito wako, urefu wako, umri wako, ukubwa wa buti na ujuzi wako. Basi ukiulizwa una kilo ngapi, sema kweli. Na ukiulizwa kama umewahi kucheza, usijitie ubingwa. Kibanio kilichokazwa kupita kiasi hakitafunguka siku utakapokihitaji.

Jambo la pili ni kwamba somo huanzia mahali tambarare. Mwanafunzi huvaa ski moja tu, akajisukuma kwa mguu wa pili, apate kuzoea utelezi. Kisha huvaa zote mbili, akapanda kilima kidogo ubavuubavu, kama kaa anavyotembea ufukoni, ski zikiwa zimelala kukatiza mteremko. Zikielekea chini tu, zitaondoka nawe.

Jambo la tatu ni kuanguka. Kila anayeanza ataanguka, kwa hiyo hufundishwa namna ya kuanguka salama: kaa chini kwa ubavu, upande wa mlimani, wala usijizuie kwa kutanguliza mikono. Wengi huumia kidole gumba kwa sababu wameanguka wamekamata fimbo. Magoti nayo yahurumiwe, kwani kibanio hulinda mfupa wa mguu vizuri kuliko kinavyozilinda kano za goti. Ukitaka kuinuka, kwanza zilaze ski zikatize mteremko, ziwe upande wa chini yako, ndipo usimame.

Jambo la nne ndilo nililolikosa siku ile, yaani breki. Ski iliyolala bapa juu ya theluji huteleza. Ski iliyoinamia ukingo wake hukwangua theluji na kupunguza mwendo. Kwa hiyo anayeanza huzikaribisha ncha za mbele bila kuziacha zipandane, akatanua visigino, mfano wa herufi V iliyogeuzwa juu chini. Kingo za ndani zikakwangua. Ukitanua zaidi unasimama, ukipunguza unakwenda. Na umbo hilohilo ndilo usukani: ukiukandamiza mguu wa kulia unakata kushoto, ukiukandamiza wa kushoto unakata kulia. Mtoto wa miaka minne akishalishika hilo, ni salama kuliko mtu mzima mwenye nguvu asiyelijua.

Jambo la tano ndilo gumu, kwa sababu linapingana na hofu yetu. Mteremko ukikutisha, mwili wako utataka kuegemea nyuma, uelekee mlimani. Ukifanya hivyo uzito unaondoka kwenye ncha za ski, nazo zinaacha kukutii. Hapana budi ukunje magoti, miundi iegemee mbele ya buti, kifua kielekee kule kule unakokuogopa. Mwalimu wetu alilirudia hilo asubuhi nzima, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kulitii.

Mpango huu wa kufundisha haukuzuka tu. Hapo hapo Tyrol, katika kijiji cha St. Anton, kijana aitwaye Hannes Schneider alianza kufundisha wageni mwaka 1907. Yeye ndiye aliyejulikana kwa kuyapanga masomo hatua kwa hatua: kwanza breki ya V, kisha kona, na mwisho kuteremka ski zikiwa sambamba. Mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, walimtia kizuizini, na mwaka 1939 akahamia Marekani akaendelea kufundisha huko. Mabingwa wengi wa baadaye walipitia ngazi zile zile.

Hata miongoni mwetu mfano upo. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, akapelekwa Austria angali mtoto mdogo, na huko akajifunza ski. Mwaka 2018 aliibeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Korea ya Kusini, akashindana katika michezo ya kuteremka mlima. Mtu wa Kilifi hakuzuiwa na theluji. Alichohitaji ni kuanza mwanzo.

Kabla sijamaliza, ipo sheria moja inayofuatwa kwenye milima ya ski, na ningependa kila msafiri aishike. Anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele yake. Haisaidii kupiga kelele apishe. Aliye chini hana macho kisogoni. Wewe unamwona, yeye hakuoni. Tena, njia zimewekwa alama za rangi kufuatana na ugumu. Kule Austria ya buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya mafundi. Kwenda njia nyeusi siku ya kwanza si ushujaa. Ni kuwatia hatarini watu ambao hawakukukosea lolote.

Siku ya mwisho niliteremka njia fupi ya buluu nyuma ya vifaranga wangu, ski zimetanuka, magoti yamekunjwa, jasho linanitoka katikati ya baridi. Chini kabisa nikatanua visigino, nikasimama pale nilipotaka kusimama. Mtoto mmoja, nadhani ndiye yule yule wa mwisho, akanipigia makofi.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilichelewa kuinama, na nusura gharama yake ailipe mtoto wa watu. Ukialikwa mlimani, ndugu yangu, kaa na watoto. Ujulishwe kwanza namna ya kusimama, kisha uteleze upendavyo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.