« Les Misérables »: bandugu, tusikilize kwanza wimbo wa kiwandani

Ukitaja muziki wa « Les Misérables », watu wengi wanakumbuka paka wimbo wa barikadi, « À la volonté du peuple ». Waandamanaji wameuimba Hong Kong na Uturuki. Sisi watu wa sendika tunaupenda pia, juu unatembea kama miguu ya watu wengi. Lakini kwenye albamu ya ile filme ya 2012 kuko wimbo mwingine ambao mtumikaji anapashwa kuusikiliza mbele ya ule wa barikadi. Unaitwa « At the End of the Day », na ni wimbo wa kiwandani.

Tukumbushane asili yake. Victor Hugo alitoa kitabu mwaka 1862. Mwaka 1980 Claude-Michel Schönberg alitunga muziki, Alain Boublil na Jean-Marc Natel wakaandika maneno kwa Kifaransa, mchezo ukachezwa Paris kwenye Palais des Sports. Mwaka 1985 ulifika London kwa Kiingereza, na njo huo wa Kiingereza uliozunguka dunia. Tom Hooper akaufanya filme. Kwa hiyo sisi wenye kusoma Kifaransa tunasikia hadithi ya Ufaransa imeturudilia kwa lugha ya wengine.

Namna albamu ilivyotengenezwa inafaa kujulikana. Kawaida, kwa filme ya nyimbo, mwimbaji anaimba kwanza studio, nyuma mbele ya kamera anachezesha paka mdomo. Hooper alikataa. Kila mmoja aliimba palepale mbele ya kamera, akiwa na kidude kidogo ndani ya sikio. Mpiga piano alikuwa pembeni, akimfuata mwimbaji. Orkestra ilikuja nyuma, nayo ikapashwa kufuata sauti ya mtu. Njo maana unasikia pumzi, kilio, sauti kukatika. Anayetafuta sauti tamu aende kwenye diski za teatri. Kuko waliolalamika juu ya sauti ya Russell Crowe. Lakini Anne Hathaway, anayecheza Fantine, alipata Oscar, na ukisikiliza utajua sababu.

Sasa turudi kiwandani. Wimbo unaanza na maskini wa barabarani wanaolia juu ya njaa na baridi. Nyuma tunaingia ndani. Wanawake wa kazi wananyang'anya Fantine barua, wanaisoma, wanajua ana mtoto anayelelewa mbali. Ugomvi unawaka. Patroni Valjean, ambaye ni meya pia, anatokea, anamwachia kapita shauri, anaenda zake. Huyo kapita alikuwa anamtaka Fantine, naye akamkatalia. Wenzake wanapiga kelele afukuzwe. Anafukuzwa. Toka pale anauza nywele, meno, mwisho mwili wake.

Bandugu, tuangalie vizuri. Hasira kapita alikuwa nayo tangu zamani. Sababu njo ilimkosekana, na sababu hiyo alipewa na watumikaji wenyewe. Wale wanawake hawakuzaliwa na roho mbaya. Wimbo unaonyesha woga wao: inje ya mlango kuko wenye njaa wanaongojea nafasi ya mtu. Woga huo tunaujua kwenye mine zetu, zaidi kwa mwenye mkataba wa miezi michache. Na Valjean ni patroni mwenye huruma, lakini huruma yake haikumsaidia Fantine kitu, juu madaraka yote aliacha mkononi mwa kapita.

Kwetu Code du travail ya 2002, article 62, inasema wazi: mimba, majukumu ya familia, ao kuwa ndani ya sendika, haiwezi kuwa sababu halali ya kumfukuza mtu. Fantine angekuwa na haki. Lakini sheria haitembei yenyewe mpaka kwa inspekta wa kazi. Inataka delege mwenye kuipeleka, na mwenzako mwenye kukubali kuwa shahidi.

Mbali sana nyuma ya wimbo huu, vijana wanapanda barikadi, mwaka 1832. Wanangojea watu wa Paris wainuke. Watu wanafunga madirisha, vijana wanakufa karibu wote. Mimi naona mambo hayo mawili yanafungamana. Watumikaji wasioweza kumsimamia mwanamke mmoja juu ya barua moja, hawawezi kuinuka siku moja juu ya bendera.

Diski ya kwanza, ya Desemba 2012, ina nyimbo zilizochaguliwa tu. Ile ya diski mbili ilifuata 2013. Wimbo wa kiwandani uko tayari kwenye ya kwanza. Mwenye simu autafute, ausikilizishe wenzake wa ekipi siku ya mapumziko. Nyuma muulizane: siku kapita akija kutafuta kosa la mwenzetu, ni nani kati yetu atampa barua?