Tambi za Kichina Zilizofungwa

Ninyi mlio Kibiti, Bungu na Ikwiriri, na ninyi wa delta, kule Salale na Mbwera, sogezeni viti. Leo hatusomi juu ya mbolea wala juu ya kuandika barua. Leo tunasoma juu ya chakula ambacho wengi wenu mmekisikia tu.

Tuseme hivi. Wewe unafanya kazi katika ofisi moja pale Kibiti. Mwenzako amekwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kazi. Anapiga simu, anasema, "Jamani, nipo karibu na hoteli ya Wachina. Niwafungie tambi?" Wenzako wanaitika kwa furaha. Wewe unanyamaza. Unajiuliza: Ni chakula gani hicho? Kina nyama gani? Nitatoa kiasi gani? Na je, kitafika kikiwa kizima? Maswali yako ni mazuri. Tutayajibu, ingawa si yote kwa urefu mmoja. Hilo la mwisho ndilo zito.

Kwanza, tambi zenyewe. Tambi unazijua. Mwezi wa Ramadhani na siku ya Idi zinapikwa kwa sukari, iliki na tui la nazi. Wahindi na Wapakistani nao hupika tambi tamu namna hiyo siku ya Idi. Basi tambi si mgeni pwani. Mgeni ni namna ya kuzipika: Wachina huzipika kwa chumvi, pamoja na mboga na nyama, au kamba, au kuku. Chakula kile ni mboga na ugali wake katika bakuli moja.

Ukipewa karatasi ya vyakula utaona maneno "chow mein". Usiogope. La kwanza maana yake ni kukaanga, na la pili ni tambi za ngano. Basi ni tambi za kukaanga.

Zinatengenezwaje? Unga wa ngano unakandwa kwa maji na chumvi. Mara nyingi Wachina hutia na kitu kimoja ambacho kipo jikoni kwako: magadi, au chumvi za jamii yake. Wewe hutia magadi ili maharage yalainike. Katika unga wa ngano magadi hufanya kazi nyingine. Donge linakuwa gumu na lenye kuvutika, na tambi zinapata rangi ya manjano. Kwa hiyo ukiona tambi za manjano, usiseme lazima ni mayai. Huenda ni mayai, huenda ni magadi. Ziko pia tambi nyeupe za mchele, ambazo hupendwa sana kusini ya China, Vietnam na Thailand. Hizo zingeweza kutengenezwa kwa mchele wetu wa Rufiji, na mimi sioni kwa nini mtu asijaribu.

Chakula hiki ni cha zamani mno. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza habari za bakuli la udongo lililofukuliwa Lajia, kijiji cha kale kando ya mto Huang He, kaskazini-magharibi ya China. Bakuli lilikuwa limepinduka, na chini yake zilikuwamo tambi za miaka 4,000 hivi iliyopita. Kijiji kile kiliangamizwa na tetemeko la ardhi na mafuriko. Ninyi mlioyaona mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 hamna haja ya kuelezwa jinsi mtu anavyoacha chakula akakimbia.

Sasa swali la nyama. Katika hoteli nyingi za Kichina nyama ya nguruwe hupikwa. Mtu asiyeila ana haki ya kuuliza, na hapana aibu katika kuuliza. Sikilizeni mazungumzo haya, kisha myasome wawili wawili.

MTEJA: Habari za saa hizi, dada? Tambi za kamba mnazo?
MHUDUMU: Nzuri, kaka. Zipo.
MTEJA: Mnakaangia mafuta gani?
MHUDUMU: Mafuta ya alizeti.
MTEJA: Na nyama ya nguruwe mnapika?
MHUDUMU: Tunapika, lakini ni chakula kingine.
MTEJA: Je, karai ni lilelile?
MHUDUMU: Hapo ngoja nikamwulize mpishi.

Swali la karai ndilo watu wanalolisahau. Tena tambi za mboga zisikudanganye kwa jina lake, maana huweza kutiwa mchuzi wa nyama au sosi ya chaza. Uliza. Na kama mwenzenu mmoja hali kitu fulani, kwa dini au kwa kuwa kamba humwasha mwili, agizeni chakula ambacho wote mnaweza kula. Kumcheka mtu juu ya chakula chake ni utovu wa adabu.

Sosi nyeusi inayokuja nayo ni ya soya. Hutengenezwa kwa soya, ngano, maji na chumvi, vikaachwa vichachuke. Ni chumvi sana. Kijiko kikubwa kimoja kina chumvi zaidi ya gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa presha aionje tu.

Haya, tufike kwenye safari. Tuseme tambi zinatoka motoni saa sita mchana. Zinatiwa katika makopo ya plastiki, zinafunikwa zingali moto. Mwenzenu anakwenda Mbagala kutafuta basi. Saa saba basi linaondoka. Foleni, jua, abiria wanapanda na kushuka. Saa kumi linafika Kibiti. Tambi zimekaa saa nne, si za moto tena wala si baridi. Na kama mmoja wenu anataka kuwapelekea watoto wake kule delta, kuna safari ya Nyamisati, kisha kungoja maji yajae, kisha mashua. Watoto watakula usiku.

Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kiwe cha moto kupita nyuzi 60, au cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu huzaana. Kimoja wapo hupenda wali na tambi hasa. Mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Chakula kikikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu. Na sumu ile haiondoki kwa kupasha moto. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasema, "Tutazichemsha tena zitakuwa salama." Kijidudu kitakufa, sumu itabaki.

Mtasema, "Mbona kiporo cha wali tunakula kila asubuhi na hatufi?" Ni kweli. Mara nyingi mtu hapati kitu, au anatapika kidogo akasingizia maembe. Lakini mwaka 2008 huko Brussels, Ubelgiji, mwanafunzi mmoja wa miaka 20 alipasha moto tambi zilizokuwa zimekaa jikoni siku tano, akala. Alianza kutapika, na usiku uleule akafa. Madaktari waliandika habari zake mwaka 2011. Siku tano ni nyingi, nakubali. Nayo Brussels si nchi ya joto kama Kibiti.

Basi mfanyeje? Wanunuzi wa kamba wa delta wanajua jibu kuliko mimi: barafu. Hakuna anayepeleka kamba Dar es Salaam bila barafu. Tambi nazo ni hivyo hivyo. Zitandazwe zipoe upesi, zifungwe, ziwekwe katika sanduku lenye barafu ya kutosha, zikifika zipashwe moto mpaka zitoe mvuke kote. Kama hakuna barafu, mwambieni mwenzenu ale yeye palepale mezani, awaletee tambi kavu za dukani na chupa ya sosi. Mimi ningechagua njia hii. Kamba mnao wenyewe, tena wabichi kuliko wa hoteli. Kabichi, karoti na vitunguu vipo sokoni. Chemsheni tambi, zichujeni, kisha zikaangeni katika karai lenye moto mkali kwa dakika chache.

Mkitaka kutengeneza tambi wenyewe, kandeni unga wa ngano nusu kilo kwa maji, chumvi na magadi ya ncha ya kijiko yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Liacheni donge nusu saa. Lisukumeni kama chapati nyembamba, nyunyizeni unga, likunjeni, likateni vipande vyembamba. Vijiti vya kulia si lazima. Uma unatosha, na mkono pia.

Juu ya fedha nitasema kidogo. Semeni bei kabla ya kuagiza, si baada ya kula. Katika kila ofisi yupo ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko wa wenzake, naye huona haya kukataa mbele ya watu. Mwulizeni faragha.

ZOEZI. La kwanza: tuseme makopo ni matano, kila kopo shilingi 10,000, barafu shilingi 2,000, na nauli ya mzigo shilingi 3,000. Mko watu watano. Kila mtu atatoa kiasi gani? La pili: andika karatasi ndogo ya kubandika juu ya kopo. Iseme ni chakula gani, kimetoka motoni saa ngapi, na ni cha nani. Mpelekee mwalimu wako karatasi hiyo kabla ya somo lijalo.